Mikono Yangu Ilikuwa Imeshika Trei

Chumba cha kuumulia mikate hakina dirisha. Mlango wake hufungwa usiku kucha, maana joto na mvuke vikitoroka donge halifuri, na donge lisipofura kazi yote imeharibika. Ndani kuna taa moja ya manjano na toroli zilizopangwa bega kwa bega. Anayeingia kutoa trei hana pa kugeukia. Trei unaishika kwa mikono miwili, umeikumbatia kifuani, na huwezi kuiachia. Ukiiangusha, mikate hiyo inakatwa kwenye malipo yako.

Supavaiza wetu wa usiku aliyajua hayo yote. Ndiyo maana alikuwa akingoja mpaka mikono yangu ijae.

Niliingia kiwanda hicho hapa Nakuru Agosti 2015, kibarua wa usiku kwa shilingi 550. Zamu yetu ilikuwa ya wanaume watupu, thelathini na kitu, saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi. Nilikuwa nimepanga chumba Kaptembwa na mke wangu, na mtoto wetu wa kwanza alikuwa na miezi minne. Kazi niliipenda. Mkate unapotoka ovenini alfajiri, ukoko wake ukilialia kwa kupoa, unasahau kwamba miguu inauma.

Kila jioni supavaiza alisimama langoni na rejista. Jina likisomwa unaingia, lisiposomwa unarudi nyumbani. Hakuna aliyemuuliza kwa nini. Kalamu ile ilikuwa na nguvu kuliko meneja yeyote wa mchana, kwa sababu meneja hakutujua hata kwa sura.

Kabla sijasema yangu, nina la kukiri. Mwaka huohuo wa 2015 kulikuwa na kijana wa kupanga kreti upande wa magari, mpole, aliyetoka pande za Kakamega. Supavaiza alikuwa na mchezo wake naye katika chumba cha kubadilishia nguo: anamvuta taulo, anamshika anapopajua yeye, anasema maneno, halafu anatutazama sisi tuliokuwa tukifunga viatu. Sisi tulicheka, na mimi nilicheka. Nakumbuka nilivyocheka, kwa sauti, ili nionekane niko upande ulio salama. Kabla ya Krismasi yule kijana hakuonekana tena. Tulisema amepata kazi nyingine.

Yangu yalianza Februari 2016. Kwanza maneno: mwili wangu, mke wangu, tunalalaje. Kisha simu. Ananiita pembeni kana kwamba ananionyesha orodha ya oda, kumbe ni picha za uchi. Kisha mkono, mle chumbani mwa kuumulia. Mara ya tatu nilimwambia wazi, "Bosi, sitaki hivyo." Alinijibu kwa upole, na upole ule ndio uliniogopesha, kwamba kuna nafasi mbili za kuajiriwa kwa mkataba mwezi wa Julai na majina anayapeleka yeye. Wanaume wakielewana, alisema, hakuna kinachoshindikana.

Sikumwambia mtu kwa miezi mitatu. Ningeanzia wapi? Mwanamke akisema ameshikwa, wako watakaomwamini na watakaomkana, lakini jambo lenyewe lina jina. Mimi nikisema nimeshikwa na mwanamume, swali la kwanza litakuwa juu yangu: aliona nini kwako? Tena nilikuwa na hofu nyingine, ya sheria yenyewe. Nilijua Kanuni ya Adhabu inaadhibu mambo ya wanaume kwa wanaume, na kwa kutojua kwangu nikadhani nikifungua mdomo nitakuwa nimejishtaki mwenyewe. Nadhani wanaume wengi wamefungwa midomo na hofu hiyo, na wanaowatesa wanaijua vizuri.

Mke wangu aligundua kwa njia yake. Aliona ninafika asubuhi naoga kabla sijamshika mtoto, naoga kwa muda mrefu, maji ya kununua kwa mtungi. Siku moja aliniuliza kupitia mlango wa bafu la ploti, sauti ya chini majirani wasisikie: "Baba Shiru, ni nini unaosha?" Nilimweleza tukiwa tumekaa kitandani. Hakucheka. Aliuliza kama nimemwambia mkubwa yeyote pale kazini.

Basi mwezi wa Mei nikaenda kwa meneja wa wafanyakazi. Nilimngojea tangu saa 12 asubuhi nilipotoka zamu hadi saa 3. Alinisikiliza kama dakika tano, akainua simu, akamwita supavaiza aliyekuwa bado hajaondoka. Akamkalisha kando yangu, viti vikigusana, akasema, "Haya, rudia ulichosema."

Nilijaribu. Maneno yalitoka nusu nusu, makavu. Supavaiza alicheka kwa huruma ya bandia, akasema vijana wa siku hizi ni wepesi wa kuumia, huo ni utani wa zamu ya usiku, wanaume wanatoana usingizi machoni. Meneja akaafiki. Akaongeza kwamba huyu ni mtu wa familia, ana watoto wanne, haiwezekani awe na tabia hizo. Akatuambia tupeane mikono. Nikampa mkono, ule ambao usiku uliotangulia ulikuwa umeshika trei.

Kufikia saa 12 jioni ile zamu yote ilikuwa inajua. Nilipita langoni, mtu mmoja akaniita kwa jina la kike. Lile jina likanishika.

Mke wangu ndiye aliyesema tuandike. Yeye alikuwa amewahi kuhangaishwa na ofisi fulani juu ya cheti cha kuzaliwa, akajifunza kwamba neno la mdomo ofisini halina mwenyewe. Tuliandika barua ya ukurasa mmoja kwa mkono, tarehe kwa tarehe. Alinishikilia jambo moja: nisiiache mezani kwa mtu. Nichukue nakala mbili, moja niwaachie, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa. Karani wa mapokezi aliigonga bila kuisoma, tarehe 14 Juni 2016. Nikaikunja, nikaitia ndani ya kitabu cha kliniki cha mtoto.

Hakuna aliyeijibu. Kilichofuata kilikuwa kalamu. Usiku sita kwa wiki ukawa minne, kisha miwili. Nafasi za mkataba za Julai walipewa wengine. Septemba, baada ya wiki nzima ya kurudishwa langoni, niliamua basi. Meneja alinipa karatasi niandike kwamba naacha kazi kwa sababu za kibinafsi, ndipo nilipwe siku zangu zilizobaki. Nilikataa. Sikuwa na elimu ya sheria, nilikuwa na hasira tu, na mzee mmoja wa ovenini aliyekuwa amewahi kuwa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi alikuwa ameninong'oneza: "Mwanangu, andika kilichokutoa." Nikaandika kwamba naondoka kwa sababu nimenyanyaswa kingono na msimamizi wangu, nimeripoti Mei kwa mdomo na Juni kwa barua, na hakuna kilichofanyika. Hiyo pia nikaigongesha muhuri.

Oktoba nilikwenda kwa afisa wa kazi wa serikali. Alikuwa mama wa makamo, miwani kwenye kamba, faili zimemzunguka kama ukuta. Nilipomaliza kusema nilingoja aniulize lile swali nililoliogopa. Hakuliuliza. Aliuliza mambo matatu: nani katika kampuni alijua, alijua lini, na baada ya kujua alifanya nini. Kisha akauliza wafanyakazi ni wangapi kiwandani. Nikamwambia wanapita mia. Akaguna.

Alitoa kitabu chake, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, akakifungua kifungu cha 6 na kunitafsiria pole pole, kidole kikienda na mstari. Mfanyakazi amenyanyaswa kingono ikiwa mwajiri, au mwakilishi wa mwajiri, au mfanyakazi mwenzake, amemtaka tendo la ngono kwa kumwahidi upendeleo au kumtisha juu ya kazi yake; au ametumia maneno ya kingono, yaliyoandikwa au yaliyotamkwa; au picha za kingono; au amemfanyia vitendo vya mwili vya namna hiyo, asivyovitaka, vyenye kumharibia kazi yake. Alipofika mwisho alinyanyua uso. "Umesikia mahali pameandikwa mwanamke?"

Sikuwa nimesikia.

"Pameandikwa mfanyakazi," akasema. "Wewe ulikuwa mfanyakazi?"

Nikamjibu nilikuwa kibarua tu. Akafungua kifungu cha 37. Kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zisizopungua mwezi mmoja, au aliyepewa kazi ambayo kwa jumla haiwezi kuisha chini ya miezi mitatu, hahesabiwi tena kuwa wa kutwa. Anahesabiwa kuwa mwajiriwa wa mwezi. Mimi nilikuwa na miezi kumi na mitatu, na kumbe muda wote huo nilikuwa najidharau bure.

Kisha akanifafanulia lile ambalo mpaka leo naona ndilo watu hawalijui. Mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi lazima, baada ya kushauriana nao au na wawakilishi wao, atoe taarifa ya sera kuhusu unyanyasaji wa kingono, na kila mtu aliye chini yake aijue. Sera hiyo lazima ieleze unyanyasaji ni nini, mtu apeleke malalamiko kwa nani, na hatua gani za nidhamu zitachukuliwa. Na lazima iahidi kwamba jina la mlalamikaji na habari zake hazitatolewa ila pale inapobidi kwa uchunguzi au kwa kumwadhibu mkosaji. Nikakumbuka viti viwili vinavyogusana. Siku ile nilidhani meneja amekosa adabu. Kumbe alikuwa amevunja jambo ambalo sheria inamtaka aliahidi kwa maandishi.

Kwa hiyo kosa lilikuwa zaidi ya moja, na hili nililielewa taratibu. La kwanza ni la supavaiza. Lakini hata hilo halikuwa lake peke yake, kwa sababu mkono ulionishika ni ule ule uliopewa rejista na kampuni. Aliniahidi mkataba wa kampuni. Alininyima usiku wa kampuni. Asingekuwa na kalamu ile, ningemwekea trei miguuni pake siku ya kwanza. La pili ni la kampuni yenyewe: haikuwa na sera, haikuwa na mlango wa kupelekea lalamiko, na ilipoambiwa haikufanya kitu. Hilo lingebaki kuwa lake hata kama supavaiza angekuwa mtu wa kupita.

Niliuliza kuhusu polisi. Akaniambia njia hiyo iko pia. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006, kifungu cha 23, inasema mtu yeyote mwenye mamlaka anayezidi kumtaka mtu kingono akijua hatakiwi ametenda kosa, na adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 3, au faini isiyopungua shilingi 100,000, au vyote viwili. Nayo inasema mtu yeyote, haichagui. Tena akanitoa ile hofu yangu: aliyeshikwa kwa nguvu hakutenda kosa lolote. Sikwenda polisi. Sikuwa na moyo wa kulisimulia tena mbele ya kaunta iliyojaa watu, na simlaumu anayekwenda wala asiyekwenda.

Kikao cha usuluhishi kilifanyika mwanzoni mwa 2017. Kampuni ilileta meneja na wakili. Wakili alikuwa mtu wa heshima, alizungumza vizuri, na hoja yake ilikuwa moja: huenda mambo haya yalitokea, huenda hayakutokea, lakini kampuni haikujua, na mwajiri hawezi kubeba asilolijua. Meneja akatikisa kichwa kukubali.

Afisa wa kazi akafungua faili, akatoa ile barua iliyokuwa bado na mkunjo wa kitabu cha kliniki, akaigeuza ili muhuri uwaelekee. Hakusema kitu. Wakili aliisoma, akaisoma tena, akamtazama mteja wake, akaomba watoke nje kidogo. Niliwaona kupitia kioo cha mlango wakizungumza koridoni. Mke wangu, aliyekuwa amekaa nyuma na mtoto, alikuwa analia bila sauti.

Walilipa. Mshahara wa notisi, likizo ambazo sikuwahi kupewa, na juu yake miezi minne. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ingeweza kufika hadi mishahara ya miezi 12 kwa mtu aliyeachishwa isivyo haki, kwa kuwa mtu aliyelazimika kuacha kazi kwa matendo ya mwajiri huhesabiwa kama aliyefukuzwa. Afisa aliniambia hayo wazi ili nichague. Nilichagua kumaliza. Nilikuwa nadaiwa kodi ya nyumba ya miezi mitatu. Supavaiza alihamishiwa kituo kingine, na hilo bado linaniuma, maana kumhamisha ni kuwapelekea wengine.

Miaka kadhaa baadaye, nikiwa mwakilishi wa wafanyakazi mahali pengine hapahapa Nakuru, wakili mmoja aliyekuja kutufundisha alitusimulia kesi ya Marekani iliyonitoa jasho. Kijana aitwaye Joseph Oncale alifanya kazi mwaka 1991 kwenye jukwaa la kuchimbia mafuta katika Ghuba ya Meksiko, kikosi cha wanaume wanane. Wenzake walimdhalilisha kingono mbele ya wengine, na baadhi yao walikuwa na mamlaka juu yake. Alilalamika kwa wakubwa, haikusaidia. Mahakama za chini zilisema mwanamume hawezi kudai kwa kunyanyaswa na wanaume wenzake. Mwaka 1998 Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji wote tisa kwa kauli moja, ikasema anaweza, na kwamba si lazima mnyanyasaji awe na tamaa ya mwili. Wale wa Marekani walilazimika kubishania maneno ya sheria yao ya mwaka 1964, ambayo inazungumzia ubaguzi kwa sababu ya jinsia. Sisi kifungu cha 6 kinataja mfanyakazi, ubishi huo hatuna. Hoja ya watoto wanne, ambayo meneja wangu aliiona ngao, haina mahali pa kukaa: sheria inauliza kama kitendo hakikutakiwa na kama kiliharibu kazi ya mtu.

Lakini kilichonitoa jasho ni jambo dogo. Oncale alipoacha kazi aliomba karatasi yake ya kuondoka iandikwe kwamba ameondoka kwa hiari kwa sababu ya unyanyasaji wa kingono na matusi. Nilitoka nje ya ukumbi nikasimama kwenye jua. Mtu nisiyemjua, ng'ambo ya bahari, alikuwa amedai mstari uleule niliokuwa nimeugongeshea muhuri.

Pale kazini kwetu sasa tuko 34, na sera ipo ukutani kwa Kiswahili. Tulipoijadili, mzee mmoja aliuliza kama hayo si mambo ya akina mama. Nilisimama kumjibu na sauti ikanikatika. Akaniambia, "Keti, kijana, tumeelewa." Tuliandika kwamba mlalamikaji hataketishwa chumba kimoja na anayelalamikiwa. Kipengele hicho nilikidai mimi.

Mwaka 2019 nilimtafuta yule kijana wa kreti. Nilimpata kando ya barabara kuu, upande wa Free Area, akiosha magari. Alinitambua mara moja na uso ukamfunga. Nilimwambia nilikuja kuomba msamaha kwa kucheka. Kisha nikamweleza yaliyonipata, yote, pamoja na muhuri na kikao. Alisikiliza huku akisugua magurudumu ya matatu.

"Kwa hiyo hata mimi ningeshtaki?"

Nikamwambia ndiyo, kabisa.

"Naweza bado?"

Hilo nilikuwa nimeliogopa njia nzima. Madai ya kazi yana muda wake: miaka 3 tangu kosa litendeke, na likiwa ni jambo lililokuwa likiendelea, miezi 12 tangu likome. Yeye aliondoka Desemba 2015. Nilihesabu naye kwa vidole. Akauliza siku yake ya mwisho ya kudai ilikuwa lini hasa, nikamtajia mwezi. Alinyamaza. Kisha akainama, akachovya kitambaa ndani ya ndoo, akaanza upande wa pili wa gari. Nilivua shati la kazi, nikachukua kitambaa kingine, nikaosha naye.